Gari la umeme: Kabla ya kununua au kukodi, ulizia kwanza punguzo ni la nani

SIKU moja, Septemba 30, 2025, ilishuhudia mlango ukifungwa Marekani na mwingine ukifunguliwa Ufaransa. Jijini Washington, nafuu ya ushuru ya hadi Dola 7,500 ambayo serikali ilikuwa ikitoa kwa kila gari jipya la umeme lililotimiza masharti ilifikia kikomo. Jijini Paris, siku iyo hiyo, serikali ilizindua awamu ya pili ya mpango unaowawezesha watu wa mapato ya chini kukodi gari la umeme kwa malipo nafuu ya kila mwezi.

Matukio hayo mawili yanawahusu Wakenya kuliko inavyodhaniwa. Maelfu yao wanaishi na kufanya kazi Marekani, wakiwemo wauguzi wa zamu za usiku, madereva wa teksi na wanafunzi, na huko kukosa gari ni sawa na kukosa miguu. Wengi wao wamewahi kujadiliana na wake au waume zao iwapo ni bora kulinunua gari la umeme au kulikodi kwa miaka mitatu na kulirejesha. Nyumbani nako, serikali imekuwa ikilegeza ushuru wa vyombo vya usafiri vya umeme, na swali lilo hilo limewafikia wenye matatu na waendeshaji bodaboda.

Aghalabu mjadala huo huelekezwa kwenye malipo ya kila mwezi: yepi ni madogo? Lakini mambo yaliyotokea kati ya 2022 na 2025 yanaonyesha kuwa kuna swali linalopaswa kutangulia. Serikali inapotoa punguzo, humpa nani? Na huyo aliyepewa analazimika kulifikisha kwa anayeketi nyuma ya usukani?

Punguzo hufuata hati

Sheria iliyotiwa saini na Rais Joe Biden mnamo Agosti 16, 2022 ilimwekea mnunuzi wa kawaida vikwazo vingi. Gari lilitakiwa kuundwa Amerika Kaskazini. Bei yake haikupaswa kupita Dola 55,000 ikiwa ni gari dogo, au Dola 80,000 ikiwa ni pikapu, vani au gari kubwa la familia. Mnunuzi asiye na mwenzi hakupaswa kuwa na mapato yanayozidi Dola 150,000 kwa mwaka, na wanandoa wanaowasilisha fomu za ushuru pamoja, Dola 300,000. Kuanzia Aprili 18, 2023 masharti mengine yaliongezwa kuhusu asili ya madini na vipuri vya betri, kila upande ukiwa na nusu ya nafuu hiyo, yaani Dola 3,750.

Isitoshe, nafuu yenyewe haikuwa pesa taslimu. Kabla ya 2024, aliyenunua gari alilazimika kungoja hadi wakati wa kuwasilisha fomu za ushuru. Ikiwa ushuru aliodaiwa mwaka huo ulikuwa Dola 3,000 pekee, basi hizo ndizo alizosamehewa na zilizosalia zikapotea. Muuguzi msaidizi mwenye watoto watatu, ambaye ushuru wake ni mdogo, alipata kidogo kuliko daktari aliyemsimamia, ilhali wote wawili walinunua gari la aina moja. Kasoro hiyo ilirekebishwa Januari 1, 2024, mnunuzi aliporuhusiwa kumkabidhi muuzaji haki ya nafuu hiyo ili bei ipunguzwe papo hapo.

Kwa upande wa kukodi, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Sheria iyo hiyo ilikuwa na kifungu kingine kuhusu magari ya kibiashara, nacho hakikuwa na kikomo cha bei ya gari, wala cha mapato, wala sharti la mahali lilikoundwa. Desemba 29, 2022, Wizara ya Fedha ya Marekani ilieleza kwamba gari linalokodishwa kwa raia wa kawaida laweza kuhesabiwa kuwa la kibiashara, maadamu mwenye hati ni kampuni inayolikodisha. Seneta Joe Manchin, aliyechangia pakubwa kuiandika sheria hiyo, alilalamika kwamba dhamira yake ilikuwa imepindwa. Hata hivyo, tafsiri ya wizara ilisimama.

Matokeo yake yalionekana upesi. Gari kama Hyundai Ioniq 5, ambalo wakati huo liliundwa Korea Kusini, halikumpa mnunuzi hata senti ya nafuu hiyo. Likikodishwa, lilileta Dola 7,500 kamili. Kufikia mwishoni mwa 2024, karibu nusu ya magari mapya ya umeme yaliyochukuliwa na raia nchini humo yalikuwa ya kukodi, ilhali miaka miwili kabla ya hapo waliokodi walikuwa wachache mno. Watu hawakuwa wameacha ghafla kupenda kumiliki mali. Waliufuata mlango ulioachwa wazi.

Ila mlango huo ulikuwa na bawabu. Nafuu ililipwa kwa kampuni iliyokodisha, na sheria haikuitaka impe mteja hata dola moja. Kampuni nyingi zilimpunguzia mteja kiasi chote kwa sababu ya ushindani. Nyingine zilimpa sehemu tu, au zikaiita zawadi ya kampuni kana kwamba pesa zilitoka mifukoni mwao. Mteja asiyejua kwamba pesa hizo zipo hakuwa na namna ya kuziulizia.

Mali bila daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme gari lina bei ya Dola 45,000, na kampuni inakadiria kuwa baada ya miaka mitatu litakuwa na thamani ya asilimia 55 ya bei hiyo, yaani Dola 24,750. Anayekodi hulipia vitu viwili. Cha kwanza ni thamani itakayopotea katika miaka hiyo mitatu, na cha pili ni riba ya pesa za kampuni zilizofungiwa ndani ya gari.

Bila punguzo lolote, thamani itakayopotea ni Dola 20,250. Ikigawanywa kwa miezi 36 ni takriban Dola 563 kwa mwezi. Riba ikiwa asilimia 6 kwa mwaka, huongeza takriban Dola 174. Jumla ni kama Dola 737 kila mwezi, kabla ya ushuru wa jimbo na bima.

Sasa kampuni ikitoa Dola 7,500 katika bei ya kuanzia, gari huhesabiwa kuwa la Dola 37,500. Thamani itakayopotea hushuka hadi Dola 12,750, nayo riba hupungua kidogo. Malipo huwa takriban Dola 510 kwa mwezi. Tofauti ni Dola 227 kila mwezi, na kwa miezi 36 inapita Dola 8,100. Kwa hivyo, mteja aliyeambiwa alipe Dola 650 kwa gari la namna hiyo alikuwa na sababu ya kutosha ya kuuliza pesa zilizobaki zilikwenda wapi.

Ugumu ni kwamba mikataba hii haiandikwi kwa lugha nyepesi. Riba, kwa mfano, mara nyingi haiandikwi kama asilimia. Huandikwa kwa namba ndogo yenye nukta, mathalani 0.0025, nayo humfanya msomaji adhani kuwa ni kama hakuna. Namba hiyo ikizidishwa mara 2,400, riba ya mwaka hujitokeza: katika mfano huu, asilimia 6. Mteja anayetaka kujua ukweli anahitaji tarakimu nne pekee kutoka kwa muuzaji. Nazo ni bei ya gari iliyotumika kwenye mkataba, punguzo lililotolewa, thamani inayokadiriwa kusalia, na namba hiyo ya riba. Muuzaji anayekataa kuzitaja ameshatoa jibu.

Kuna tarakimu ya tano inayowauma sana wafanyakazi wanaosafiri mbali. Mikataba mingi ya kukodi huruhusu maili 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka, na kila maili inayozidi hutozwa faini. Tuseme mkataba unaruhusu maili 12,000, faini ni senti 25, na muuguzi anayehudumia wagonjwa majumbani husafiri maili 20,000 kwa mwaka. Atazidisha maili 8,000, na hizo ni Dola 2,000 kila mwaka. Kwa miaka mitatu ni Dola 6,000. Punguzo lote la Dola 7,500 limekaribia kumezwa na barabara. Dereva wa teksi hali yake ni mbaya zaidi, na baadhi ya mikataba humkataza kabisa kubeba abiria kwa malipo. Watu kama hao walifaa kununua, hata pale ambapo kukodi kulionekana rahisi.

Nani abebe hasara ya kesho

Sababu nyingine inayofanya gari la umeme litofautiane na gari la petroli ni kwamba bei yake ya kesho ni vigumu kuitabiri. Teknolojia ya betri hubadilika, wazalishaji hushindana, na punguzo la serikali lenyewe huishusha thamani ya gari lililokwisha kutumika. Mtu hawezi kuuza gari la mwaka jana kwa Dola 40,000 ikiwa jipya, baada ya punguzo, lapatikana kwa Dola 37,500.

Januari 2023 kampuni ya Tesla ilipunguza bei za magari yake Marekani, mengine kwa hadi asilimia 20. Aliyekuwa amenunua Desemba alilala akiwa na mali ya bei fulani na kuamka ikiwa na bei nyingine. Hata wakubwa hawakunusurika. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz, iliyotangaza Oktoba 2021 mpango wa kuagiza magari 100,000 ya Tesla, ililazimika kutangaza Januari 2024 kwamba ingeuza magari 20,000 ya umeme. Baadaye iliongeza idadi hiyo hadi 30,000. Kushuka kwa thamani ya magari hayo kuliigharimu Dola 245 milioni katika robo moja tu ya mwaka. Ikiwa kampuni yenye wataalamu wa hesabu ilikosea kiasi hicho, mfanyakazi mwenye mshahara mmoja atatabiri vipi?

Hapo ndipo kukodi kunapokuwa na faida ambayo haionekani kwenye tangazo. Turudi kwenye mfano wa Dola 45,000. Thamani ya gari baada ya miaka mitatu imeandikwa mkatabani kuwa Dola 24,750. Soko likiporomoka na gari likawa la Dola 18,000, aliyekodi hurudisha funguo na kwenda zake. Hasara ya Dola 6,750 inabaki kwa kampuni. Soko likipanda na gari likawa la Dola 29,000, aliyekodi anaweza kulinunua kwa bei ile ile iliyoandikwa, ikiwa mkataba unaruhusu.

Maneno hayo, ikiwa mkataba unaruhusu, yana uzito. Tangu 2019 Tesla haikuwaruhusu waliokodi gari lake la Model 3 kulinunua mwishoni mwa mkataba, na baadaye ikapanua katazo hilo kwa magari yake mengine. Msimamo huo ulilegezwa Novemba 2024. Waliotia saini katika miaka hiyo wakidhani kwamba mwishoni wangeamua wenyewe walikuta uamuzi haukuwa wao.

Kwa upande mwingine, mgala muue na haki yake mpe. Anayekusudia kukaa na gari miaka minane au kumi hana haja kubwa ya kujua thamani yake baada ya miaka mitatu. Waranti ya betri Marekani kwa kawaida ni miaka minane au maili 100,000. Mtu huyo akimaliza mkopo katika mwaka wa tano au wa sita, hubaki na miaka kadhaa ya kuendesha bila kulipia gari. Anayekodi hufika mwaka wa tatu akiwa hana kitu, na huanza upya kwa masharti ya soko la wakati huo. Ikiwa wakati huo punguzo limefutwa, ataanza upya bila punguzo.

Tarehe zinazoumiza

Hilo ndilo lililotokea. Julai 4, 2025, Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyofuta nafuu hizo kwa magari yatakayopatikana baada ya Septemba 30 mwaka huo. Iliyofutwa haikuwa ile ya Dola 7,500 pekee. Ilifutwa pia nafuu ya hadi Dola 4,000 kwa magari ya umeme yaliyotumika ya bei isiyozidi Dola 25,000, ambayo ndiyo iliyowafaa zaidi watu wa kipato kidogo. Nafuu ya vifaa vya kuchajia gari nyumbani iliwekewa kikomo cha Juni 30, 2026.

Watu walimiminika madukani. Robo ya tatu ya 2025 ilivunja rekodi ya mauzo ya magari ya umeme Marekani, na kuanzia Oktoba mauzo yakaporomoka. Kampuni za General Motors na Ford zilikuwa zimebuni njia ya kuendeleza nafuu kwa wanaokodi. Mashirika yao ya mikopo yangeyalipia malipo ya awali magari yaliyokuwa kwa wauzaji kabla ya siku ya mwisho, ili yahesabike kuwa yameshapatikana. Oktoba zote mbili ziliachana na mpango huo wa kudai nafuu.

Lakini aliyejifunza zaidi ni yule aliyekimbilia kutia saini usiku wa mwisho. Mwanzoni mwa Oktoba, Hyundai ilitangaza kwamba bei ya Ioniq 5 ya mwaka wa 2026 ingepunguzwa kwa hadi Dola 9,800. Hilo ni zaidi ya punguzo la serikali lililokuwa limekwisha. Haraka haraka haina baraka. Tukio hilo linafichua jambo ambalo wanauchumi wamelisema kwa muda mrefu, kwamba punguzo la serikali halibaki lote mikononi mwa mnunuzi. Sehemu yake hujificha ndani ya bei, nayo hujulikana siku punguzo linapoondolewa na muuzaji akalazimika kuishusha bei ili auze.

Wajerumani walikuwa wameonja machungu ya tarehe kabla ya Wamarekani. Novemba 15, 2023, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha uhamishaji wa fedha uliofanywa na serikali katika bajeti. Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi ya Desemba 16, wizara husika ilitangaza kwamba mwisho wa kupokea maombi ya ruzuku ya magari ya umeme ungekuwa kesho yake. Kwa kuwa ruzuku ilitolewa baada ya gari kusajiliwa wala si siku ya kuagizwa, watu waliokuwa wameagiza miezi kadhaa nyuma walijikuta nje. Baadhi ya kampuni za magari ziliamua kuwalipa wateja wao badala ya serikali. Mwaka uliofuata, usajili wa magari mapya ya umeme Ujerumani ulipungua kwa zaidi ya robo.

Funzo ni kwamba anayehesabu punguzo katika uamuzi wake anapaswa kujua ni tarehe ipi inayohesabiwa: ya kuagiza, ya kulipa, ya kukabidhiwa au ya kusajiliwa. Punguzo ambalo halijaingia katika bei iliyoandikwa ni ahadi, na ahadi za bajeti huvunjika.

Njia ya Ufaransa

Mpango wa Ufaransa unaonyesha kwamba kasoro ya Marekani haikuwa lazima. Ulipoanza Januari 2024, serikali ilitangaza kwamba familia za kipato cha chini zingeweza kukodi gari la umeme kuanzia Euro 100 kwa mwezi bila malipo ya awali. Aliyeomba alitakiwa kuwa na mapato yasiyozidi kiwango kilichowekwa. Alipaswa pia kuwa anaishi zaidi ya kilomita 15 kutoka kazini na kutumia gari lake kufika huko, au kusafiri zaidi ya kilomita 8,000 kwa mwaka kwa ajili ya kazi. Maombi yalifurika kiasi kwamba kufikia katikati ya Februari mpango ulisimamishwa, baada ya takriban magari 50,000 kuagizwa, karibu maradufu ya lengo la awali. Awamu ya Septemba 30, 2025 ililenga angalau magari 50,000 mengine, msaada ukiwa hadi Euro 7,000 kwa gari.

Ruzuku hiyo pia hupitia kwa kampuni ya kukodisha, kama ilivyokuwa Marekani. Tofauti ni kwamba serikali iliweka kikomo cha malipo ya kila mwezi. Kampuni isiyotimiza kiwango hicho haiingii katika mpango. Mteja hahitaji kujua namba ya riba wala kubishana na muuzaji, kwa sababu alichokusudiwa kupata kimeandikwa katika masharti yenyewe. Mpango huo una dosari zake: una mwisho, fedha zake huisha mapema, na gari hurudishwa baada ya muda wake. Lakini hakuna anayeuliza punguzo limeishia wapi.

Nyumbani je?

Kwa Mkenya aliye Marekani, kuna jambo moja linaloupunguzia umiliki uzito wake. Gari alilolinunua huko hawezi kulileta nyumbani kirahisi. Kenya haisajili magari yenye usukani wa kushoto isipokuwa kwa matumizi maalumu, na magari yaliyotumika yaliyozidi umri wa miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa. Anayepanga kurejea baada ya miaka miwili au mitatu hana sababu ya kumiliki mali atakayolazimika kuiuza kwa bei ya kutupa wiki moja kabla ya kupanda ndege.

Hata baada ya nafuu ya serikali kuu kufutwa, njia hazijafungwa zote. Majimbo yamekuwa na mipango yao. New York, kwa mfano, ilianza mwaka 2017 kutoa hadi Dola 2,000 kwa wanunuzi na waliokodi vilevile. Lakini California, iliyotangulia wengi, iliufunga mpango wake mkuu mwaka 2023. Zaidi ya hayo, magari yaliyokodiwa kwa wingi tangu 2023 yanaanza kurejeshwa. Mengi yatauzwa yakiwa na umri wa miaka mitatu na waranti ya betri ya miaka mitano mbele. Anayeyanunua ananufaika na punguzo lililotolewa zamani kwa mtu mwingine, kwa kuwa kushuka kwa thamani kumekwisha kulipiwa. Kwa wengi wenye mapato ya kawaida, huenda njia hiyo ya tatu ikawa bora kuliko zote mbili zinazojadiliwa.

Nchini Kenya, mjadala una sura nyingine. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka mabasi, pikipiki na baiskeli za umeme, pamoja na betri za lithiamu, katika kiwango cha sifuri cha VAT. Mwaka huo huo bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri ilianzishwa: Sh16 kwa uniti, na Sh8 nyakati ambazo matumizi ya umeme huwa madogo, kabla ya ada nyinginezo.

Nafuu hizo za ushuru hutolewa bandarini au kwa muuzaji. Mwenye matatu huona bei ya mwisho tu. Hakuna stakabadhi inayomwonyesha ushuru uliosamehewa ni kiasi gani na kilichomfikia ni kiasi gani. Yuko katika hali ile ile ya Mmarekani aliyekodi gari mwaka 2023, ila huyu hata hana wa kumwuliza.

Pamoja na hayo, biashara zenyewe zimekwisha kugundua kwamba hatari kubwa iko kwenye betri, na kwamba mnunuzi wa kawaida haiwezi hatari hiyo. Kampuni ya BasiGo ilipoingiza mabasi yake Nairobi mwaka 2022, ilimtaka mwenye basi alipe Sh5 milioni kisha Sh20 kwa kila kilomita, ada iliyojumuisha betri, kuchaji na ukarabati. Basi lilinunuliwa, betri ikakodiwa. Bodaboda za umeme vilevile: katika kampuni kama Ampersand na Spiro, mwendeshaji huikabidhi betri iliyokwisha chaji kituoni na kupewa nyingine, na betri hizo ni za kampuni. Ikichakaa, hasara si yake.

Mpango huo unafaa, mradi mwendeshaji ajue anacholipia. Basi likienda kilomita 200 kwa siku kwa ada ya Sh20, mwenye basi atalipa Sh4,000 siku hiyo. Betri ikisamehewa ushuru, ada hiyo inapaswa kuwa ndogo kuliko ambavyo ingekuwa. Serikali inayosamehe ushuru kwa niaba ya umma ina haki ya kudai kwamba mkataba uonyeshe kiasi hicho kwa tarakimu, kama ilivyofanya Ufaransa kwa kuweka kikomo cha malipo. Gharama yake ni mstari mmoja wa ziada kwenye stakabadhi.

Kwa familia inayotakiwa kuamua, mpangilio wa maswali hauna budi kubadilika. Kwanza iulize punguzo linaandikwa kwa jina la nani, na kama limeingia katika bei iliyoko mezani. Kisha ihesabu maili au kilomita inazosafiri kweli kwa mwaka, si zile inazotumaini kusafiri. Iamue itakaa na gari miaka mingapi, na nani atabeba hasara bei ikianguka. Malipo ya kila mwezi yaje mwisho. Muuzaji huanza nayo kwa sababu ndiyo tarakimu iliyo rahisi kupunguzwa kwenye karatasi bila kupunguzwa mahali pengine popote.